Watoto wa Mchanga

Tulimzika Mama Rozalia nyumbani kwake Endagikot siku ya Alhamisi, na kabla jeneza halijatolewa ndani nilikuwa nimeshamwona Yustina. Alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo, mahali ambapo mgeni hakai, ameegemea ukuta wa jikoni, sweta la kijivu mwilini na kitenge kimefungwa kichwani. Ilikuwa imepita karibu miaka thelathini, lakini nilimtambua kabla hajainua uso. Nilikuwa bado nimesimama na shada langu la maua, nikitafuta pa kuliweka, pale binti mmoja wa nyumbani alipopita akamwuliza ufunguo wa stoo uko wapi. Yustina akajibu bila kufikiri kwamba uko juu ya kabati, nyuma ya redio. Mimi niliyekuja na gari la chuo, niliyetajwa kwenye ratiba ya mazishi kuwa mwanafunzi wa kwanza wa marehemu, sikujua hata kama nyumba ile ilikuwa na stoo ya kufungwa kwa ufunguo. Nilihisi kitu kikinipanda kifuani, nikakifahamu mara moja. Nilidhani nilishakizika zamani. Tukapeana mikono. Akaniambia pole na safari, Felista, tutaongea tukishakula. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka ili nipate pa kukaa, na hilo nalo likaniudhi, kwa sababu mwenye kusogea ndiye mwenye nyumba.

Mwaka tuliokutana, mimi na Yustina, nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mama Rozalia alikuwa mkunga aliyestaafu, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyekuwa amewahi kumwona mwanafunzi wa unesi akimnyanyua mtoto aliyezaliwa asubuhi ile kama mtu anavyonyanyua kifurushi, kichwa kikaanguka nyuma. Mtoto hakudhurika, lakini Mama hakuisahau sauti aliyoitoa mama mzazi. Alipostaafu akaamua kutengeneza watoto wa kujifunzia, midoli yenye uzito wa mtoto mchanga, akanichukua mimi kumsaidia. Wageni wa parokia walimletea maboksi ya vichwa, mikono na miguu ya plastiki laini, yenye mikunjo ya ngozi na kucha ndogo kama punje za mchele, navyo vikapakwa rangi yetu ya udongo wa kahawia, tabaka juu ya tabaka. Kilichobaki kilikuwa kiwiliwili, na hicho kilikuwa kazi yetu. Tulishona mifuko ya kitambaa cha marekani, tukaijaza pamba na mchanga, tukafunga viungo. Watu wa Mbulu mjini walitutania kwamba wengine wanazaa watoto wachanga, sisi tunazaa watoto wa mchanga.

Chumba tulichofanyia kazi zamani kilikuwa ghala la mahindi, nyuma ya nyumba, na miezi ya baridi ukungu uliingia dirishani mpaka tukawa tunashona tumevaa masweta na jiko la mkaa liko chini ya meza. Mchanga tuliuchota mtoni, tukauosha maji saba, tukauanika, kisha tukaukaanga kwenye karai mpaka ukawa mkavu kabisa, maana mchanga wenye unyevu huozesha kitambaa. Mara ya kwanza tulijaribu mtama, ukaingia fukusi, na panya wakamtoboa mtoto mmoja tumbo. Baada ya hapo ikawa mchanga tu, na shanga ndogo za kioo kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Katesh kwa ajili ya viganja na visigino. Mchanga uliwekwa kwenye vipande vya soksi za nailoni, ukafungwa fundo, ukazungushiwa pamba ili mkono wa mshikaji usihisi punje. Mfuko mmoja ulikaa nyuma ya kichwa, mmoja matakoni, midogo mapajani. Nilizijua sheria hizo kuliko mtu yeyote, kwa sababu niliziandika mimi, kwa mwandiko wangu, na Mama akazibandika ukutani. Mshono wangu ulikuwa mdogo na ulionyooka kiasi kwamba Mama aliwaonyesha wageni kwa kuupitishia kidole. Watoto wangu wote walikuwa na kilo tatu kamili kwenye mizani. Kwa miezi minne nilikuwa peke yangu chumbani mle, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Yustina aliletwa mwezi wa sita na shangazi yake kutoka Gendabi, chini ya mlima Hanang, amevaa kandambili katika baridi ambayo hata mbwa walikaa jikoni. Alimwamkia Mama shikamoo, akamwamkia dada yake Mama, Bibi Anjela, aliyetupikia, kisha akanigeukia mimi pia kwa shikamoo, na mimi nikamwitikia marahaba ingawa tulikuwa rika moja. Hakujua kushona. Wiki ya kwanza nilifumua kila alichokigusa, nami nilifanya hivyo kwa upole mwingi, Mama akiwa anaona. Nilikuwa tayari kumpenda. Ningempenda kabisa kama angebaki vile.

Mtoto wake wa kwanza kukamilika alikuwa na mshono uliopinda kama njia ya mbuzi. Nilimpima, nikakuta amepungukiwa robo kilo, nikamwambia Mama kwamba huyu itabidi tumfungue. Mama akanyoosha mikono kumchukua. Alimpokea, akamlaza kwenye kiwiko, na kabla hajasema lolote alianza kuyumba taratibu, mguu huu na mguu ule, kama afanyavyo mwanamke yeyote aliyebebeshwa mtoto. Alipogundua anachofanya alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Akamwita Bibi Anjela kutoka jikoni. Bibi Anjela akafuta mikono yenye unga, akapokea, naye akayumba. Mimi pia nilipewa nimshike. Kichwa kiliangukia kwenye mkono wangu na kutulia humo, tumbo likatelemka kidogo upande wangu, na mkono mmoja mdogo ukaning'inia kisha ukagusa kifua changu. Nilimrudisha mezani haraka. Nilisema mshono hautadumu.

Siku chache baadaye nilikuwa nachota maji kwenye pipa nje ya jikoni, nikawasikia wale dada wawili wakiongea huku wanamenya viazi. Bibi Anjela aliuliza kwa nini wa Felista, pamoja na uzuri wao wote, ukiwashika ni kama umebeba mfuko wa sukari. Mama alimalizia kiazi alichokuwa akimenya. Kisha akasema, "Felista anajaza mdoli. Yule mwingine analaza mtoto." Hakuisema kwa ubaya. Aliisema kama mtu anavyosema leo kuna upepo. Nilibaki pale na ndoo mpaka maji yakafurika na kulowesha miguu yangu, na tangu siku ile sikuweza kukaa meza moja na Yustina bila kumhesabia kila tonge.

Wivu wa ujana ni wa mambo madogo. Niliona kwamba Bibi Anjela alimmiminia maziwa ya mgando kwanza, kumbe ni kwa sababu alikaa karibu na kibuyu. Niliona kwamba Mama alimwita mwanangu mara mbili kwa siku moja, mimi mara moja. Yustina alikula ugali kwa haraka na kuzungumza kidogo, na alipozungumza ilikuwa juu ya ndama au mvua, akitamka maneno kwa uzito wa kwao, nami nilimcheka moyoni kwa hilo, ingawa lafudhi yangu ilikuwa ileile. Aliniuliza mambo ya mshono bila aibu, akajifunza, na kila alichojifunza kwangu kilimfanya azidi kunipita. Mimi sikumwuliza chochote. Jumapili moja, wakati wote wamekwenda misa na mimi nimesingizia kichwa kuuma, niliingia chumbani, nikachukua mtoto wake mmoja na kumfumua mgongoni. Nilitoa kila kitu na kukipanga mezani. Mchanga ulikuwa uleule, pamba ileile, mifuko ileile ya soksi. Tofauti pekee niliyoiona ni kwamba mifuko yake haikujaa. Mchanga ulikuwa na nafasi ya kutembea ndani, na shingoni hakuweka karibu kitu chochote. Nilimrudishia vitu vyake na kumshona kwa mshono wangu mzuri. Kisha nikatengeneza wa kwangu kwa namna hiyohiyo, mifuko nusu, shingo tupu. Nilipomnyanyua alilegea mikononi mwangu kama maiti. Nilimfumua siku ileile kabla hawajarudi kanisani.

Mwezi wa tisa Mama alitangaza wakati wa chai kwamba chuo kimoja cha wauguzi kimeomba watoto kumi na wawili. Mwalimu wao atakuja kuwachukua mwenyewe, na akiridhika atamchukua pia msichana mmoja kwenda kutunza chumba chao cha mazoezi, na msichana huyo akifanya vizuri atasomeshwa ukunga. Alisema atampendekeza mmoja wetu wakati ukifika. Yustina alikuwa anapuliza chai yake. Nilimwangalia midomo yake ikipuliza, nikajua kwamba yeye ndiye atakayekwenda, na kwamba mimi nitabaki na karai la mchanga mpaka nizeeke.

Kila Jumatano asubuhi Yustina alitoka na ndoo akisema anakwenda mtoni kuchota mchanga. Alirudi karibu saa sita, na ndoo ilikuwa nusu. Mtoni ni mwendo wa robo saa. Nilianza kufikiri ana mtu. Jumatano moja, ukungu ukiwa bado chini, nilimfuata kwa mbali. Hakwenda mtoni. Alikata kushoto kuelekea zahanati, akaficha ndoo kwenye majani, akaingia uani ambako akina mama walikuwa wamepanga foleni kupima watoto. Nilisimama nyuma ya uzio wa michongoma. Alikuwa akiwaamkia mmoja mmoja, na mama akitaka kwenda chooni, au kutafuta kadi, au kufunga upya kitenge, Yustina alinyoosha mikono kumpokea mtoto. Alimshika aliyelala, akamshika aliyeamka, akamshika wa wiki mbili na wa miezi mitatu. Alifumba macho. Mara nyingine alimhamisha mtoto kutoka mkono huu kwenda mkono ule, polepole, akisikiliza kwa mikono yake mahali uzito ulipokwenda. Nesi aliyekuwa kwenye mizani ya kuning'iniza alimwita kwa jina amsaidie, na yeye akaenda kama mtu aliyezoea.

Nimefundisha wanafunzi wengi tangu siku ile, na nimewaambia wote kwamba mikono hujifunza kwa kushika. Sijawahi kuwaambia nilikotoa maneno hayo. Pale kwenye michongoma sikujisikia nimepata somo. Nilijisikia nimeibiwa mara ya pili. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba Yustina ana kipaji, na kipaji ni cha Mungu, mtu hapaswi kujilaumu kwa kukikosa. Kumbe ilikuwa kazi, na mimi niliyejiita mchapakazi sikuwa nimeifikiria. Ningeweza kuingia uani pale. Lango lilikuwa wazi.

Jioni ile Bibi Anjela alipokuwa shambani nilimsaidia Mama kukunja vitambaa. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba sipendi kuchongea, lakini nimemwona Yustina kliniki, kwenye foleni ya akina mama, na kwamba huenda huko kila Jumatano akisema yuko mtoni. Kila neno lilikuwa la kweli. Mama aliacha kukunja. Mwaka uliotangulia msichana mmoja aliyefanya kazi za nyumbani pale alipata mimba, na wazee wa parokia walikuja kumwambia Mama kwamba ikitokea tena hawatamruhusu kukaa na mabinti wa watu. Nilijua hilo. Nililijua vizuri, na ndiyo sababu nilisema foleni ya akina mama badala ya kusema alikuwa akishika watoto wao.

Mama alimwuliza kesho yake asubuhi, chumbani, mbele yangu. Nilikuwa nafunga fundo la soksi.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Mtoni, Mama."

"Mtu amekuona kliniki."

Yustina aliinua uso. Aliniangalia, si kwa hasira, bali kama mtu anayepima jambo, kisha akatazama chini. Mama akamwuliza ana nini cha kusema. Akasema hana. Mama akamwuliza tena, na safari hii sauti yake ilikuwa karibu ya kuomba, na Yustina akatikisa kichwa. Ukimya wake mimi niliuona kama zawadi. Sikuelewa kwa nini msichana asiye na kosa anyamaze, lakini sikutafuta kuelewa. Kabla ya mchana kitu kidogo alichokuwa nacho kilikuwa kwenye mfuko wa salfeti, na Bibi Anjela alimfungia viazi vya kuchemsha kwa ajili ya safari, akilia. Aliondoka na basi la Dongobesh. Mama aliingia chumbani mwake, na siku mbili hakuja kula nasi.

Mwalimu wa chuo alipokuja, watoto kumi na wawili walikuwa wamelazwa mezani juu ya blanketi, saba wangu na watano wa Yustina, wote wakiwa na mshono wangu mgongoni, maana nilikuwa nimewapitia wote. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko. Aliwanyanyua mmoja mmoja. Wangu aliwasifu. Alipofika kwa wa kwanza wa Yustina aliacha kusema. Alimlaza kwenye kiwiko na kuanza kuyumba, huku akimtazama Mama kwa mshangao. Akauliza nani ametengeneza huyu. Mama alikuwa amesimama dirishani. Nilingoja aseme. Hakusema, akaniangalia tu, na katika kuniangalia kule aliniachia mimi nafasi ya kujibu. Nikasema, "Tunatengeneza hapa, Mwalimu." Akanishika bega, akasema mikono hii inakuja na mimi.

Nikaenda. Nikasoma, nikawa mkunga, nikawa mwalimu wa wakunga, na chumba cha mazoezi nilichokabidhiwa kikawa changu. Wale watano niliwatumia miaka mingi mpaka kitambaa kikachakaa, na kila mwanafunzi aliyewashika alisema mwalimu, hawa ni kama wa kweli. Mwanzoni nilirudi Endagikot kila likizo. Mama alinipokea vizuri, akaniuliza habari za masomo, akanipa chai. Hakuwahi kunitaja tena jina la Yustina, nami nikachukua hilo kama dalili kwamba amemsahau. Baadaye kazi zikawa nyingi, nikawa napiga simu Krismasi na Pasaka.

Baada ya mazishi tulikaa nyuma ya nyumba, kila mmoja na sahani ya wali na nyama mapajani. Yustina aliniambia ameolewa Gehandu, wanalima ngano na alizeti, wana ng'ombe kidogo, watoto sita, wa mwisho yuko sekondari. Hakujisifu wala hakulalamika. Nikamwambia kwamba kuna jambo lazima niseme, na nikalisema lote, michongoma, foleni, kila neno jinsi nilivyolipanga. Aliendelea kutafuna. Nilipomaliza aliweka sahani chini.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Nani mwingine? Lakini mimi ningeweza kujiokoa, Feli. Neno moja lilitosha. Ningesema nakwenda kushika watoto, Mama angeuliza kwa nesi, basi."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulikuwa umekaa pale. Sikutaka ujue." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Ulikuwa unajua kuandika, unajua kushona, unaongea na wageni. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu. Nikasema nikikitaja mbele yako, Jumatano ijayo utakuwa kliniki, na mwezi ujao mimi sina kazi hapa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele. Nikamwambia kwamba hata hivyo kosa ni langu, kwamba nilimchukulia maisha yaliyokuwa yake, naomba anisamehe. Akasema alikwisha kunisamehe siku nyingi, na kuhusu maisha, yake anayo. Kisha akanieleza, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba miezi mitatu baada ya yeye kufukuzwa, yule nesi wa zahanati alikwenda kwa Mama kuuliza mbona binti aliyekuwa akiwasaidia kushika watoto haji tena. Kesho yake Mama alipanda basi mpaka Gendabi. Alikuta Yustina anapalilia, akapiga magoti palepale kwenye mahindi mbele ya wazazi wake, mkunga mzima, akaomba radhi. Alimtaka arudi. Yustina alikataa, kwa kuwa tayari alikuwa amechumbiwa na moyo wake ulikuwa umetoka kwenye kazi ile. Basi Mama akawa anakuja yeye. Kila mwaka mavuno yakiisha, alikuja Gehandu akakaa wiki mbili, wakati mwingine mwezi. Watoto wanne kati ya wale sita walizaliwa mikononi mwake. Alipougua, Yustina ndiye aliyekuja kumwogesha.

"Miaka yote hiyo," nilisema.

"Miaka yote."

Nilihesabu likizo zangu, chai zangu, simu zangu za Krismasi. Mama alikuwa anajua nilichofanya. Kila mara aliponipokea na kuniuliza habari za masomo, alikuwa anajua, na pengine alikuwa ametoka Gehandu juzi yake. Nikajikuta nauliza swali ambalo mtu mzima wa umri wangu hapaswi kuuliza, na nililiuliza nikitazama pembeni.

"Alikuwa anasema nini juu yangu?"

Yustina alifikiri. Niliona kwamba anatafuta kweli, kwamba angependa kupata kitu cha kunipa, hata kibaya.

"Sikumbuki kama alisema," akajibu. "Tulikuwa na mengine ya kuongea."

Aliitwa kwenda kugawa chai, akainuka, akanigusa bega na kwenda. Mimi nilibaki na sahani yangu. Wanawake walikuwa wanakusanya sufuria, na mahali fulani upande wa barabarani mtu alikuwa akiwasha pikipiki isiyowaka. Nililia hapo, kwa nguvu ambayo sikuitoa kaburini, mpaka mama mmoja nisiyemjua akaja akachuchumaa mbele yangu, akanipa kitambaa, akasema, pole sana mwalimu, inaonekana ulimpenda mno Mama Rozalia. Nikafuta uso. Nikamwambia ndiyo, nilimpenda mno.